Nati za Gari la Mkunga

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa kaka yangu,

Pokea salamu zangu na za mama. U hali gani huko? Wifi hajambo? Na wanangu, wale wanaonijua kwa sauti tu ya simu, bado wanakumbuka kwamba wana shangazi? Sisi tunapumua. Miguu ya mama bado inavimba, lakini mdomo wake haujaugua hata siku moja.

Uliuliza kama baba bado anayakataa magari mapya. Bado. Anasema gari linalopimwa kwa kompyuta ni la kutengenezwa na karani. Gereji yetu imejaa vikongwe vitupu: pikapu zinazonizidi umri, na lile lori la muuza mchanga ambalo mlango wake unafungwa kwa waya.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Kwenye simu siwezi, kwa kuwa baba huwa karibu.

Kaka, akili ya baba inampotea. Ilianza kidogo kidogo. Aliniomba spana ilhali anayo mkononi. Kisha akashusha gia boksi ya lile lori, akaisafisha vizuri, akakaa juu ya ndoo akiitazama kama kitu asichowahi kukiona. Niliirudisha mwenyewe alipolala mchana, nikasema moyoni ni uzee tu, wala sikumwambia mama. Mficha maradhi kilio humfichua, nami kilio kimenifika.

Mwezi wa nne, mkunga wa zahanati alituachia pikapu yake ya bluu. Breki za nyuma zilikuwa zinalia. Nilikwenda kutafuta vipuri vya gari jingine, na niliporudi baba alikuwa ameshamaliza, ameiteremsha kutoka kwenye jeki na kurudisha vifuniko vya magurudumu. Nilimuuliza kama amekaza nati.

"Umezaliwa umenikuta nakaza," akanijibu.

Vile vifuniko vinavyoficha nati vinatoka kwa bisibisi, kaka, kazi ya dakika mbili. Sikuvitoa. Mkunga alipokuja, mimi ndiye niliyempa ufunguo.

Kwenye mteremko wa shule gurudumu la nyuma likachomoka. Pikapu ililala ubavu, ikaserereka hadi mtaroni. Mkunga amekatwa mguu juu ya goti. Msaidizi wake, yule binti wa fundi cherehani jirani yetu, hakufika hospitali akiwa hai.

Kesho yake watu walijaa gerejini wakitaka kujua nani alifunga lile gurudumu. Baba alisimama katikati yao, mikono imejaa grisi, akasema polepole, "Alifunga binti yangu."

Usimhukumu. Niliyaona macho yake, hakuwa anajiokoa. Alikuwa anaamini. Fundi cherehani akanigeukia, akangoja. Nilitazama mikono ya baba, iliyotulisha sote, nikaona watakavyoisema hadi siku ya kumzika.

"Ni mimi," nikasema.

Polisi wamechukua maelezo yangu, na kesi ni mwezi wa nane. Fundi cherehani, aliyenishonea sare zangu zote za shule, hufunga dirisha nikipita. Mama naye ameamini. Ananipakulia chakula, anaweka sahani mezani, anaondoka. Wateja wengi wamehamisha magari yao, na wachache waliobaki wanataka baba ayashughulikie peke yake. Basi huwa nangoja aende kunawa, kisha napita na spana nyuma ya kila kazi yake.

Alhamisi asubuhi tulikuwa wawili tu, anafuta mikono kwa kitambaa. Akaniuliza ghafla, kwa sauti yake ya zamani:

"Mwanangu, lile gari la mkunga nililifunga mimi?"

Nilijua nikimwambia ndiyo, ataumia, kisha atasahau, kisha ataniuliza tena na kuumia upya, kila siku ya maisha yake.

"Hapana, baba. Nililifunga mimi."

Alinishika bega. "Basi twende tukawaombe msamaha. Nitasimama nawe."

Akaingia ndani kuvaa viatu. Nilimngoja mlangoni. Alipotoka alikuwa amevaa viatu, ameshika kofia, akaniuliza tunakwenda wapi.

Njoo kabla ya mwezi wa nane, kaka. Sikuombi unitetee, na hili usimwambie mtu. Njoo umnyang'anye funguo za gereji. Kwako wewe, mwanawe wa kwanza, ataziachia. Mimi kila nikizigusa ananiambia hawezi kumkabidhi kazi mtu aliyeua.

Nisalimie wifi, na wanangu uwabusu kwa niaba yangu. Mama anakuombea usiku na mchana. Mungu akutangulie njiani, akufikishe kwetu salama.

Ndimi mdogo wako wa tumbo moja, nikupendaye kama zamani.