Mavi ya Ng'ombe Wangu, Jiko la Rozalia

Mamba, Mpimbwe,
Katavi.
20 Julai 2025.

Mpendwa mdogo wangu Gabrieli,

Tumsifu Yesu Kristu. Habari za Tanga, habari za kazi, na wifi Dina na watoto wanaendeleaje? Yule mdogo kikohozi kimeisha? Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti langu linanisumbua asubuhi, na shemeji yako Melkior mafua hayamwishi na huu upepo wa Julai. Mpunga tumeshavuna na kupura. Mungu ametusaidia.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Simu yangu naichajia kwa Rozalia, kwenye sola yake, tena akija kuirudisha anatabasamu mpaka jino la mwisho. Pale siwezi kukuambia haya, na nikikupigia kutoka nyumbani chaji inakata kabla sijamaliza kulalamika. Kwa hiyo keti uisome yote.

Gabrieli, nina wivu. Nasema wazi, maana wewe ndiye uliyenitia. Tangu baba afariki mama alikuwa anakaa kwangu, unajua mwenyewe. Ukaona kifua chake kinabana kwa moshi wa kuni, ukatuma fundi atujengee mtambo wa gesi ya samadi, ukamwambia, "Jenga pale alipo mama." Vizuri sana. Ila fundi alifika wakati mama amekwenda kwa mdogo wetu Rozalia kukaa naye msimu wa mavuno. Basi akachimba pale pale! Nilipopata habari, shimo limeshajengewa na tofali na bomba limeingia jikoni. Kitu kile hakihamishiki, kiko chini ya ardhi. Mama naye hakurudi tena.

Hilo nilikuwa nimelimeza. Linaloniua ni hili: Rozalia ana ng'ombe wawili tu, mavi yao hayatoshi kujaza mtambo. Ng'ombe ninao mimi. Kila asubuhi anakuja na toroli, "Shikamoo dada," anazoa zizini kwangu, anakwenda kuchanganya na maji, anamimina, anawasha. Yaani ng'ombe wangu wanampikia mama, mimi simpikii! Nikimwambia Melkior ananicheka, eti hajawahi kuona mtu anaona wivu juu ya mavi. Acha acheke. Si mama yake.

Sijakaa sawa, Nyanzala jirani akaniletea habari kwamba kule kwa Rozalia anayepika ni mama. Wee! Damu ilinichemka. Kwangu mama hakushika mwiko miaka yote. Nilikuwa namwambia, mama kaa nje kwenye mkeka, moshi huu utakuua, nitakuletea. Nilimtunza kama yai. Halafu huyu anamchukua mtu mzima wa umri ule anamfanya mtumishi wa jikoni? Sikumuuliza mtu. Rozalia alipokuja na toroli nikamwambia samadi naihitaji shambani, asije tena. Unajua alivyo, hakugomba. "Sawa dada," akageuza toroli. Hata hiyo sawa yake iliniudhi.

Nilijua hesabu yangu. Gesi ikipungua watarudi kwenye kuni, kifua cha mama kitabana, na akishaona kule hakuna tofauti na kwangu atarudi nyumbani. Niliambiwa moto umekuwa mdogo, kisha hata chai hauchemshi. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikafagia chumba chake, nikatandika shuka mpya.

Na kweli mama akaja. Nilimwona kwa mbali anatembea polepole, nikakamata kuku, nikampigia kelele Melkior alete kiti. Gabrieli, mama alipita mlango wangu. Alikwenda moja kwa moja zizini, akainama, akaanza kuzoa mavi kwa mikono yake anatia kwenye ndoo. Nikamkimbilia huku kuku yuko mkononi.

"Mama, unafanya nini jamani?"

"Nachukua mavi. Nimesikia mwenzangu umemnyima. Na mimi utaninyima?"

Nikamwambia mama hapa ni kwako, njoo ukae, chumba kiko tayari.

"Nitakaa siku nyingine. Leo jiko langu limezima."

Alisema jiko langu. Hakusema la Rozalia, na wala langu mimi hajawahi kuliita lake. Nilimwachia yule kuku akaenda zake.

Ningefanyaje? Nilimpokonya ndoo, nikajaza na toroli ya Melkior, nikasukuma mwenyewe mpaka kwa Rozalia. Nilikuwa sijakanyaga pale tangu fundi aondoke. Tukachanganya, tukamimina. Gesi haikurudi siku ile, kumbe mtambo ukishalala na njaa hauamki haraka, kwa hiyo nikawa napeleka kila asubuhi, mimi na goti langu. Rozalia hakunisema hata neno. Angenisema ningepumua.

Siku moto uliposhika sawasawa mama alinikataza kuondoka. Alimtoa Rozalia jikoni, akanikalisha kwenye kigoda, akafunga kanga kiunoni. Akapika wali na samaki wa mgebuka mkavu kwa karanga, vile alivyokuwa anatupikia sisi watatu tukitoka shule. Alikuwa anaonja, anaongeza chumvi, anapunguza moto kwa kukizungusha kitufe kama amezaliwa nacho. Anaimba! Wala hakukohoa. Nikamuuliza kwa nini kwangu hakuwahi kuniambia kwamba anatamani kupika. Akasema, "Ulikuwa unafurahi sana kuniletea sahani."

Nilikwenda pale nimejipanga kumwambia arudi nyumbani. Sikumwambia. Nilikula mpaka nikakomba sufuria, na katikati ya kula machozi yakanitoka, na jikoni mle hamna moshi wa kusingizia.

Usidhani wivu umeisha. Umezidi. Watoto wa Rozalia wanakula mkono wa mama kila siku, wakati mwingine wanabakiza. Wanabakiza, Gabrieli! Ndiyo maana naandika. Nijengee na mimi, hata mtambo mdogo. Ng'ombe ninao, maji yapo, Melkior atachimba shimo. Sitamwondoa mama kwa Rozalia. Nataka awe anakuja kwangu hata Jumapili tu baada ya misa, nimpishe jikoni, na mimi nikakae nje kwenye mkeka nimsubiri aniletee sahani.

Fundi akija, nipigie mimi kwanza.

Nisalimie Dina, mwambie vitenge vilifika na vyote ni vizuri. Busu kwa watoto. Melkior anakusalimu, Rozalia pia, na mama anauliza lini utakuja ule kabla mikono yake haijachoka. Mungu awalinde nyie wote, na Bikira Maria awafunike.

Mimi dada yako, nikupendaye pamoja na wivu wangu,

Hilaria