Sekunde Mbili Nilizozifuta

Jumanne, 9 Januari
Sekunde thelathini na nane! Ndio muda wa mashine yetu ya kupima moyo kuwaka ndani ya ambulensi. Mgonjwa anasubiri! Reijo, bosi wetu, anataka zisizidi kumi kufikia Ijumaa. Kisa ni kerneli, kiini cha mfumo: inapakia viendeshi, programu ndogo za kuendesha kila kifaa, kimoja kimoja — cha skrini, cha betri, cha nyaya za kifuani — kila kimoja kikingoja mwenzake.

Jumatano, 10 Januari
Nimeviacha vipakiwe kwa pamoja. Sekunde kumi na moja na nusu. Bado! Kwenye kiendeshi cha nyaya nikakuta amri: ngoja sekunde mbili. Maelezo hamna. Kaandika Pentti, mwenzetu aliyestaafu. Nikaifuta. Nikawasha upya mara mia, zote sawa. Tisa na nusu!
Outi wa meza ya pili kanionya: yule mzee hata salamu alikuwa anabania, ataandika amri ya bure? Nikamwambia aache woga.

Ijumaa, 12 Januari
Reijo kaleta keki. Toleo langu limeingia kwenye ambulensi sita. Kipande changu nimempa Outi. Sijui nina nini.

Jumamosi, 13 Januari
Nimejua. Mara zote mia niliiwasha upya mashine ikiwa mezani, ina joto lake. Haikupoa hata mara moja! Mjinga mimi!
Nje ni nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri. Nikaizima, nikaiweka roshani ya ofisi kwa saa mbili nzima. Nikajibandika nyaya kifuani, nikawasha. Sekunde tisa na nusu, skrini imewaka safi. Mstari wa moyo umelala. Moyo unanidunda hadi masikioni, mashine inasema hamna kitu!
Nikampigia Pentti. "We binti," anasema, "hicho kidude cha nyaya kikipata baridi hakiamki upesi, ndio maana nikakipa sekunde mbili. Kwani hukukizima kikapoa kabla ya kujaribu?"
Reijo hapokei. Jumamosi jioni — yuko sauna, anaoga mvuke, simu kaiacha nje kama kila mtu huku.
Nimekipigia simu kituo cha ambulensi. Mama wa zamu anasema magari mawili yako njiani, moja linamwendea mzee mmoja aliyeanguka akizoa theluji. Nikamwambia wasiiamini ile skrini, wamshike mgonjwa mkono, wahesabu mapigo wenyewe.
"Subiri kwenye laini, mpenzi, niwaite."
Nasubiri. Nyaya bado ziko kifuani. Redio inakoroma kule kwake. Anaita gari la kwanza, linajibu. Anaita la pili, lile la mzee. Anaita tena —