Mishipa Mipya ya Baba

Nangara, Babati
Jumanne

Mdogo wangu Laurian,

Huku mahindi yamebeba vizuri, na Frida wangu amechaguliwa kidato cha tano. Nakuandikia kwa sababu tukiongea kwa simu Baba hukaa karibu anasikiliza, na mimi nimechoka.

Ulimweleza Baba kwamba huko maabara mashine inachapa viunzi vidogo, mnapanda juu yake seli shina, zile changa zinazoweza kugeuka seli za aina yoyote, na mishipa ya fahamu ya binadamu inaota na kupelekeana taarifa. Ulieleza vizuri mno! Tangu siku ile amekataa mazoezi ya mkono uliopigwa na kiharusi. Mtaalamu wa mazoezi akija, anaambiwa, "Rudi tu, mwanangu ananioteshea mishipa mipya." Hata jirani yetu Mama Tipis ameshakuja kuulizia mishipa ya mguu wa mumewe.

Vidole vimeanza kujikunja, Laurian. Mtaalamu anasema vikikaza hivyo havitanyooka tena.

Jana uvumilivu ukanishinda. Nikamwambia, "Baba, hiyo mishipa ni ya utafiti, iko kwenye kisahani. Hakuna atakayekuwekea."

Akaniuliza, "Kama si kwa ajili yangu, mbona kila akipiga simu ananisimulia hiyo tu, na mkono wangu hauulizii?"

Leo amefanya mazoezi yote. Swali lake ni lako. Mpigie umjibu mwenyewe.

Ni mimi dada yako,
Hilaria