Maneno ya Mama Niliyoyageuza kwenye Simu

Rexdale, Septemba 1996

Mama Zebunissa, nakusalimu wewe na wote wanaosikiliza kipindi chako cha redio cha Alhamisi, nakuomba unishauri upesi kwa sababu Jumamosi iko karibu na nimefanya jambo ambalo hata mchungaji wangu sijamwambia.

Mimi ni mtoto wa kwanza, nina miaka thelathini na mbili, tulikuja hapa kutoka Uvira nikiwa msichana, naishi na mama yangu, na mdogo wangu, nitamwita Gaël ingawa siyo jina lake, anacheza ule mpira wa Kimarekani jinsi wanavyoucheza hapa Kanada, wa kuvaa kofia ngumu na kugongana, na analipwa, na kila mtu kanisani anamjua, mama anavaa jezi yake juu ya kitenge siku ya ibada na mchungaji anamwombea kwa jina, wakati mimi ninayefagia kanisa hilo hakuna anayejua kama nimekula. Kuku nampika mimi nikitoka kazini kwenye nyumba ya wazee, lakini firigisi ni ya Gaël, na asipokuja inawekwa kwenye friji mpaka aje. Nina wivu, Mama, sifichi, ninao tangu nilipoacha chuo ili yeye apate nauli ya mazoezi.

Wiki mbili zilizopita aligongwa kofia kwa kofia, akalala chini, akainuka, akaenda kukaa kwenye benchi la timu nyingine, na sisi tulikuwa tunatazama kwenye televisheni na wageni wakacheka, lakini mimi sikucheka kwa sababu kazini nimeona wazee wakianguka na kugonga vichwa na nayajua macho yale. Tangu siku hiyo ameacha nyumba yake ya mjini amekuja kulala kwetu, anafunga mapazia mchana, anatapika asubuhi, na Jumapili mezani aliuliza mara tatu kama baba ameshakula, na baba yetu tulimzika Uvira. Kwenye timu anasema yuko mzima, maana kuna mwenzake anayeingoja nafasi yake na mkataba unaisha msimu huu.

Jumanne daktari wa timu akapiga simu nyumbani, alikuwa na mashaka, akataka kusikia kwa mama anayemwona kila siku, na mama hajui Kiingereza, mimi ndiye ninayemfasiria benki, hospitali, barua za serikali, kila kitu. Mama alishika simu kwa mikono miwili kana kwamba daktari angemwelewa, akasema, "Mwambie docta, mutoto yangu anatapika kila asubui, anasahau kama baba yake alishakufa. Asimurudishe kule. Mwambie ninamulilia." Na alilia kweli, na mimi nikakumbuka mwaka jana nilipoumia mgongo nikimnyanyua mzee bafuni, nikalala wiki tatu, mama akaniambia nisali na nikaze kitambaa kiunoni, na hakuna daktari aliyepiga simu kuuliza habari za mgongo wangu. Nikachukua simu, nikamwambia daktari kwamba mama anasema Gaël anakula vizuri na analala vizuri. Daktari akashukuru, akasema basi Jumamosi atacheza. Mama akaniuliza amesema nini, nikamjibu amesikia.

Niseme ukweli wote. Nilitaka agongwe tena, siyo afe, kidogo tu, akae nyumbani kama mimi nilivyokaa. Sasa mama anaimba jikoni kwa sababu anaamini daktari atamzuia, na mimi nikisikia wimbo ule natoka nje, lakini nikisema ukweli Gaël atapoteza mkataba na wote watasema ni wivu, kwa kuwa yeye mwenyewe ameshamwambia shangazi yetu kwamba namtazama kwa jicho baya, na hawatakuwa wamekosea. Je, nifunge na kuomba kwanza mpaka moyo wangu utakate, ili nikisema, niseme kwa upendo?

Ni mimi, Dada Mkubwa

*

Mama Zebunissa anajibu:

Mwanangu, barua yako nimeipata leo mchana na bado nimekukasirikia. Huruma nitakuonea, lakini ngoja kwanza nikugombeze.

Wivu wako haunishangazi. Umepika, umefagia, umeacha chuo, umeumia mgongo, na sifa zote kapewa mwingine. Mimi dada yangu alipoolewa na mwenye duka la vitambaa Moshi, nilijifanya naumwa jino ili nisiende harusini. Lakini kununa ni jambo moja, na kumwacha nduguyo aende akapasuliwe kichwa ni jambo jingine. Mama yako alikukabidhi ulimi wake, wewe ukausemea uongo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeficha maradhi ya mwenzio, na kifo kikija hakitakuja kwako.

Kabla ya kukujibu nimempigia Khatija, muuguzi ninayemwamini. Ameniambia kichwa kilichotikiswa kikitikiswa tena kabla hakijapona, mtu anaweza asiamke. Kwa hiyo, hiyo "kidogo tu" yako haipo.

Unataka kufunga na kuomba mpaka moyo utakate. Mechi ni kesho kutwa, moyo wako utatakata lini, mwakani? Sema na wivu wako huohuo. Daktari hatakuuliza unampenda ndugu yako kiasi gani, atakuuliza anatapika mara ngapi. Na watu wakisema una wivu, waambie ndiyo ninao, na anatapika vilevile.

Mpigie daktari sasa hivi, mwambie ulifasiri uongo, urudie maneno ya mama yako jinsi alivyoyasema. Baada ya simu hiyo, wakitaka kuzungumza naye tena, watafute mfasiri mwingine, wewe kazi hiyo imekushinda. Gaël mwambie usoni kabla hajasikia kwa watu wa timu. Atakutukana, mwache atukane, maana anayetukana yu hai. Mkataba ni wake na timu, hukupewa wewe kuulinda wala kuuvunja. Halafu kaa na mama yako umweleze habari za mgongo wako, kwa sauti, kwa sababu naona huyo mama hajawahi kuambiwa jinsi mtoto wake wa kwanza naye anavyoumwa.

Sasa ni saa kumi na nusu jioni, ofisi bado zina watu. Barua yako nimeisoma yote hewani bila kupunguza neno, na nimefanya makusudi. Ulificha jina, lakini redio hii inasema Kiswahili, haihitaji mfasiri. Kama mama yako yuko jikoni anasikia redio, basi ameshaacha kuimba. Zima redio, mpelekee simu, na safari hii sema anachosema.