Neno Nililompa Maadasami

Palayamkottai, 9 Januari 1999

Kwa Isakkiammal,

Salamu nyingi. U mzima, binti? Baba yako anaendeleaje? Mimi figo zimechoka. Daktari hasemi nami tena, anasema na mwanangu Nellaiyappan tu. Kwa hiyo naandika mkono ukiwa bado unashika kalamu.

Unanifahamu: nilikuwa mkalimani wa mahakama, nikigeuza Kiingereza cha jaji kuwa Kitamil. Kuna neno dogo nililoligeuza kila siku, lile la kumwita mtu unayesema naye. Waingereza wanalo moja kwa wote, awe waziri au mwizi wa kuku. Sisi tunayo mawili: "wewe", la mtoto, mtumishi na mbwa, na "ninyi", la kumheshimu mtu hata akiwa peke yake. Jaji hakuchagua. Nilichagua mimi. Kuhani wa hekalu: ninyi. Polisi: ninyi. Mwizi wa mfukoni: wewe.

Mwaka 1968 baba yako alimshtaki mwenye mashamba aliyempokonya kipande chake. Yule kijana tajiri nikampa "ninyi". Baba yako, aliyenizidi umri, nikampa "wewe", kwa sababu ya mtaa anaotoka, mtaa wa tabaka la chini. Swali la kwanza alijibu. La pili akaniangalia mimi, si jaji, akafunga mdomo. Jaji akaandika kwamba shahidi hana jibu. Shamba likaenda. Nilijua kwa nini amenyamaza, nikatoka kwenda kula chakula cha mchana.

Niombee kwake anisamehe, binti yangu.

Mjomba wako,
Sabapathi Pillai

Melakkadu, 2 Februari 1999

Mzee Sabapathi,

Hamjambo? Poleni na figo. Sisi wazima. Baba macho yamekwisha, masikio yapo.

Mjomba? Kwetu mjomba ndiye anayetoa binti yake aolewe na mwana wa dada yake. Mngetupa binti? Basi tuyaache ya ujomba.

Siku ile nilikuwa na miaka tisa, nimekaa karibu na mlango. Tangu hapo baba hakukanyaga tena ofisi yoyote.

Nilimsomea barua yenu. Katikati akanikatiza: "Ngoja. Huyo anakuitaje humo?" Nikatazama. Wewe, wewe, mwanzo hadi mwisho. Mimi ni mwalimu mkuu, mzee. Meneja wa benki ananiandikia "ninyi". Binti wa jaji mngemwandikia hivyo?

Baba alicheka mpaka akakohoa. "Mwambie msamaha wa kwenye bahasha siusikii vizuri," akasema. "Jumatatu ya kwanza ya Machi aje kwenye kibanda cha chai mbele ya mahakama, aniite mbele za watu."

Binti yake Maadasami,
Isakkiammal

Palayamkottai, 20 Machi 1999

Mwalimu,

Hamjambo? Mzee naye?

Kwanza nilichukua kalamu nijitetee, kwamba "wewe" ile ilikuwa ya mapenzi, ya mtu mzima kwa mtoto. Kisha nikakumbuka kwamba binti wa jaji nilimwita "ninyi" tangu akiwa na sare za shule ya msingi.

Na Jumatatu ile mnadhani sikuja. Nilikuja. Nilikuwa ndani ya bajaji, ng'ambo ya barabara. Nilimwona baba yenu kwenye benchi, nguo yake nyeupe imepigwa pasi, mkono wenu begani kwake. Lakini kibandani walikuwamo pia makarani wa zamani, na wakili mmoja aliniona, akapaza sauti: "Aa, Pillai! Njooni huku, nafasi ipo!" Nikamwambia dereva ageuze.

Sina cha kusingizia.

Sabapathi

Melakkadu, 24 Machi 1999

Mzee Sabapathi,

Hamjambo? Baba hajambo.

Nilimwambia tuliache jambo hili, kwamba mzee huyu anawaogopa watu wake kuliko kaburi. Akanijibu, "Kama miguu yake haiji, yangu itakwenda."

Tunakuja Jumapili asubuhi. Atapita katikati ya mtaa wenu, viatu mguuni, ambavyo watu wa tabaka letu walikatazwa kuvaa humo, hadi mlango wa mbele. Mtayarisheni mwanenu.

Binti yake Maadasami

Palayamkottai, 29 Machi 1999

Mwalimu Isakkiammal,

Natumaini mlifika salama na mzee amepumzika.

Kabla hamjafika Nellaiyappan alinisihi, "Baba, majirani! Hata kama ni lazima, si apitie uani?" Nikamwambia abebe kiti changu hadi kizingitini. Basi ndiye aliyemwona mzee kwanza, akamfokea, "Wewe, simama hapo hapo!" Mlimsikia. Sikuweza kumkemea. Ile ilikuwa sauti yangu, kinywani mwake.

Nikasema kwa nguvu niliyokuwa nayo: "Mzee Maadasami, ninyi, karibuni ndani." Madirisha yote ya mtaa yalikuwa na watu.

Hakuingia. Alisema tu, "Niulizeni mlichoniuliza siku ile."

Nikamwuliza. Mnalima shamba lile tangu lini, na mipaka yake iko wapi? Akajibu bila kusita, uso wake ukielekea sauti yangu. Babu yake ndiye aliyelifyeka. Mashariki ni safu ya miti ya mivumo, magharibi ni kisima cha mawe alichochimba na kaka yake mwaka wa ukame, na waliokunywa maji yake aliwataja kwa majina. Kisha akawashika mkono mkaondoka. La msamaha hakuligusa, nami sikuthubutu kuuliza.

Nimesikiliza mashahidi maisha yangu yote, Mwalimu. Najua jibu linalotosha. Lile lingetosha. Mwaka ule jaji alikuwa pale, kalamu mkononi, anangoja.

Sabapathi