Nilimuua Samaki wa Marehemu, Nikaweka Mwingine

Mshauri mpendwa,

Nisaidie, maana jambo hili limenikaa kooni wiki ya sita sasa na sina wa kumwambia. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, sebuleni. Mume wangu ni fundi wa majokofu, alifiwa na mke wake wa kwanza, nami nilipoingia nyumba hii mwaka jana nilikuta binti wa miaka kumi na mitatu na tangi la samaki. Tangi lilikuwa la marehemu. Limewekwa mkabala na cherehani yangu, kwa hiyo mimi na samaki tunatazamana kutwa nzima, na mkubwa wao, jike la manjano lenye ukingo mweusi mgongoni, marehemu alimwita Bi Mkubwa. Nilipoambiwa nilicheka, nikamwambia mume wangu kumbe nimekuja kuwa mke mwenza wa samaki. Mume wangu alicheka, binti hakucheka.

Binti hana ubaya. Ananiamkia asubuhi, anaosha vyombo bila kutumwa, lakini hakuwa akiniita chochote. Akinihitaji anakuja kusimama karibu na meza mpaka niinue macho. Mambo ya tangi hakuniachia hata siku moja, maji anabadilisha mwenyewe, chakula anapima mwenyewe kwa ncha ya kijiko, na lipo daftari la mama yake lenye tarehe za samaki waliozaa, ambalo naye anaendelea kuliandika.

Basi shule zilipofungwa akaenda kwa bibi yake mzaa mama kwa wiki moja. Asubuhi ya kuondoka alisimama pale mezani, mimi nina sare arobaini za kukabidhi Jumatatu, mguu uko kwenye pedali, akanieleza habari za Bi Mkubwa kwa kirefu na kwa mikono, kuliko alivyowahi kuniambia jambo lolote, nami nikawa namjibu ndiyo, ndiyo, sawa, bila kuzima mashine wala kuinua kichwa. Nilichoshika ni kwamba nimwache tu. Akabeba begi lake akaenda.

Siku ya kwanza Bi Mkubwa hakula, ya pili hakula, amejibanza nyuma ya jiwe, kidevu kimevimba kama cha mwenye jino bovu, nikasema huyu anaumwa na atanifia mkononi, na nani ataamini kwamba mke mdogo hakumtilia kitu. Siku ya nne nikasogeza uso kwenye kioo, akafungua mdomo kidogo kama anayetafuna, na ndani ya mdomo nikaona macho. Macho madogo madogo, mengi, yananitazama. Nikajua anakula watoto wa wenzake. Nilipandwa na hasira ambayo hata leo sijui ilikuwa ya nini hasa, nikachukua chujio la chai nikamkimbiza tangi zima, mawe yakaanguka, yeye anakimbia huku amefunga mdomo, na nilipombana pembeni akawatema wote, na wale samaki wengine wakawamaliza kabla sijaelewa ninachokiona. Yeye nikamtia kwenye ndoo ya maji ya bomba yanayonuka dawa, nikasema akae humo peke yake ajifunze adabu. Kufika adhuhuri alikuwa ameelea ubavu.

Nilimfunga katika kipande cha kitambaa cha sare nikamzika kwenye chungu cha maua, mlango wa nyuma, kisha nikaacha kazi za watu nikaenda sokoni kwa muuza samaki wa mapambo. Nikamweleza ninayemtaka, rangi, urefu, ule ukingo mweusi. Akaniuliza wangu amepatwa na nini, nikamwambia alikuwa anakula watoto. Yule baba akanitazama. "Alikuwa hawali, mama," akasema. "Hao wanalea watoto wao mdomoni." Nikasimama pale dukani na mfuko wa maji mkononi, na maneno ya yule mtoto yakaanza kunirudia moja moja, kumbe masikio yalikuwa yameyasikia, mimi ndiye sikuwepo.

Jumapili binti akarudi. Hakuvua hata viatu, alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, akachota chakula, na yule niliyemnunua akawa wa kwanza kupanda juu kula. Binti akamfuata kwa macho mpaka akameza. Kisha akasema, "Amekula." Mimi nikashusha pumzi. Akafunika kopo la chakula, akageuka, akaona rundo la sare, akasema, "Mama, nikusaidie kukunja?" Mshauri, hilo ndilo lililonifunga. Zaidi ya mwaka sijaitwa hivyo, naja kuitwa siku hiyo. Tukakunja sare mpaka zikaisha, machozi nikiyasingizia vumbi la kitambaa.

Tangu hapo ni Mama asubuhi, Mama jioni. Tangi analihudumia kama kawaida, ingawa lile daftari hajaligusa, nadhani ni mitihani, na siku hizi hasemi Bi Mkubwa, anasema yule wa manjano. Nilimweleza mume wangu, akasema yaliyopita si ndwele, samaki ni samaki, nikimwambia mtoto nitampoteza. Naogopa kwamba anasema kweli. Lakini kila binti akiniita Mama naona kama naitikia jina nililoiba. Nimwambie, au ninyamaze?

Mimi, Fundi anayetazamana na samaki.

*

Fundi,

Pole. Pole hiyo ni moja tu, itunze, maana huku chini hazipo nyingi.

Kosa lako si chujio wala ndoo. Mtoto aliyekuwa hakuiti hata kwa jina alikuja kusimama mbele yako akakukabidhi kitu cha mama yake, kwa maelezo, kwa mikono, na wewe ukampa kisogo. Sare zingechelewa dakika tano, nani angekufa? Na usiniambie hujui hasira ile ilikuwa ya nini. Ulikuwa unamkimbiza marehemu kwa chujio la chai. Zaidi ya mwaka umekaa mkabala naye bila kusema neno, siku ulipopata sababu ukaitumia. Nakuelewa, dada yangu, si rahisi kuingia nyumba yenye kiti cha mtu. Ila kukuelewa si kukusafisha.

Sasa nisikilize. Nilimpigia simu mpwa wangu anayefuga samaki wa namna hiyo, nikamuuliza swali la dakika moja akanijibu kwa nusu saa. Jike mwenye watoto mdomoni hali kitu. Wiki tatu hivi anashinda njaa mpaka awaachie. Ndicho ulichokiona ukakiita ugonjwa, na bila shaka ndicho ulichoelezwa ukiwa kwenye pedali. Binti yako ana daftari la tarehe. Jumapili ile alijua kabisa zimebaki siku ngapi. Akaweka chakula, na samaki aliyetakiwa kufunga akapanda akala. Unadhani alisema "Amekula" kwa furaha?

Alijua, Fundi. Alijua palepale, hata viatu hajavua. Ndiyo maana daftari halijaguswa, na ndiyo maana yule mgeni hampi jina la mwenyewe. Mitihani gani ya wiki sita? Umeniandikia yote haya kwa mkono wako, ila barua yako hukujisomea.

Tena angalia kilichotangulia. Kwanza alijua, halafu ndipo akakuita Mama. Kwa nini, mimi siwezi kukuambia. Huenda aliona mtu aliyehangaika soko zima ili yeye asilie. Huenda aliogopa kupoteza mama wa pili kwa sababu ya samaki. Vyovyote iwavyo, jina hilo hukuliiba, ulipewa na mtu anayejua ulichofanya. Lakini wiki sita sasa mtoto wa miaka kumi na mitatu anakutunzia siri, na msiba wake anauomboleza peke yake kwa sababu wewe hujamwambia kwamba upo. Huo mzigo ni wako, yeye amekubebea tu. Na mumeo mwambie kwamba yaliyopita si ndwele ni maneno ya watu waliokwisha kuombana radhi.

Kwa hiyo mwambie leo akitoka shule. Usimnunulie zawadi kwanza. Usianze na "sikujua", kwa sababu uliambiwa. Mweleze ulichofanya, kuanzia chujio mpaka ndoo mpaka duka la sokoni, kisha mpeleke mlango wa nyuma umwonyeshe chungu. Akilia, kaa naye hapo chini. Akikasirika, mwache akasirike, anakudai hasira ya wiki sita. Akirudi kutokuita chochote, vumilia, jina hilo mara ya kwanza hukulidai, likaja lenyewe. Na akitulia, iwe jioni hiyo au mwezi ujao, mwombe akueleze upya habari za Bi Mkubwa, zote, tangu mwanzo, kama alivyokueleza asubuhi ile.

Ila kabla hajaanza, zima cherehani.