Mutua, Mawingu Nayasoma Peke Yangu

Ndugu yangu Mutua,

Kiti chako bado kipo pale dirishani, katika ofisi yetu ya hali ya hewa. Wakubwa wameniahidi mtu mwingine kutoka bara. Hajafika, nami sina haraka naye. Setilaiti haina habari kwamba umekufa. Imekaa pale pale juu, haisogei, na kila robo saa yatuletea picha ya Afrika nzima na bahari yake. Naitizama bila mtu wa kubishana naye, na hilo ndilo linaloniuma. Nikisema hili ni wingu la mvua, hakuna wa kuniambia, "Bi Zainabu, weupe si mvua. Tizama picha iliyotangulia." Wewe Mkamba wa watu, hukujua hata kuogelea, ukivuka Shela tu washika boti kwa mikono miwili, na ndiwe uliyenifundisha kuitizama bahari kutoka juu.

Alhamisi asubuhi alipiga simu Bwana Athmani, nahodha wa Kizingitini. Alikuwa Kiunga siku zote hizi akivua kamba mawe, habari hakuipata. Akaniomba nikupe simu. Neno lile sikuwa nimelitamka kwa kinywa changu, nilikuwa nawaachia wengine. Nikamwambia umefariki. Akakuombea kwa Mungu, kisha akauliza, "Basi wewe waonaje, tutoke leo?"

Nikarudi kwenye picha. Wingu lilikuwa mashariki ya Pate, na katika kila picha mpya lilifura kama tui lililosahauliwa motoni, kilele chake kikizidi kupanda na kuwa baridi. Nikamwambia wasitoke. Wakikosa riziki bure, lawama ni zangu peke yangu. Alasiri dhoruba ikaja kweli. Akapiga tena kunishukuru, boti zao zote zilikuwa zimefungwa salama. Nikageuka nikuambie.

Wallahi ofisi hii ni kubwa mno kwa mtu mmoja.

Nakuaga, ndugu yangu. Mungu akupumzishe pema. Lakini kazi yako moja imebaki mikononi mwangu. Mawingu yaanza kukusanyika juu ya Kitui, huko walikokuzika, na najua mamako hapandi pojo mpaka umpigie simu umwambie mvua yaja. Mwaka huu nitampigia mimi, nakuahidi. Naiogopa tu namba ya ofisi, kwa kuwa akiiona atadhani ni wewe. Basi nitalitaja jina langu upesi, kabla hajalitaja lako.

Zainabu